Nyama ya Bega na Moto Mdogo

Mwezi huu nataka kuwaambia neno juu ya nyama ya ng'ombe, na juu ya haraka yangu mimi mwenyewe.

Siku ya Noeli iliyopita nilisema nitapika nyama ndani ya furu. Nilinunua kilo 2 za bega, nikazitia bila kifuniko, nikafungua moto mpaka mwisho. Kisha saa moja, nje ilikuwa nyeusi na ndani ngumu kama kiatu. Nililaumu muuza nyama, halafu bibi yangu, mbele ya watoto. Mtoto wetu wa kwanza akasema: "Papa, njo wewe uliweka ule moto."

Nilimkemea sana. Lakini hasira yangu haikuwa ya nyama. Alikuwa ameacha masomo kwenda kuchimba kobalti, na siku ile nilimwaga yote niliyokuwa nayo moyoni. Usiku alichukua begi yake, akaenda. Miezi mine hakukanyaga nyumbani.

Halafu alituma habari kwamba Jumamosi atakuja kula. Bibi yangu akasema: "Tutapika tena bega. Lakini mara hii utanisikiliza." Mama yake alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya kampuni moja ya madini, njo kule alijifunza.

Ijumaa jioni alipaka nyama chumvi, vitunguu saumu na pilipili. Asubuhi aliikaanga kidogo kila upande, akaiweka ndani ya sufuria nzito pamoja na vitunguu, tomati na kikombe cha maji, akafunika vizuri. Furu aliiweka digri 150, kwa masaa mane. Alinieleza hivi: bega la ng'ombe linafanya kazi kila siku, kwa hiyo lina mishipa migumu kati ya nyama. Moto mkali unakausha nyama mbele ya mishipa kulainika. Moto mdogo unaiyeyusha pole pole, inageuka mchuzi mzito. Nilipotaka kuchungulia alinikataza: "Papa, wacha ile mlango. Kila mara unafungua, moto unatoka."

Mtoto alifika mapema, nyama ikiwa na masaa mawili tu. Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu kama mahubiri. Na hapo umeme ukakatika! Mbele sijafungua kinywa, kijana alikwisha kuwasha mbabula. Akaweka sufuria juu ya makala machache, na mengine juu ya kifuniko, ili moto utoke chini na juu kama ndani ya furu.

Tukakaa pale wawili, tukilinda moto usizidi. Mara hii nilinyamaza. Yeye njo alianza kuongea: namna udongo unavyoanguka wakati wa mvua, rafiki yake aliyevunjika mguu ndani ya shimo, na namna yeye mwenyewe anavyoogopa. Ile siku ya Noeli alitaka kuniambia hayo. Sikumpa nafasi.

Nilimwomba musamaha, kisha nikamwomba mama yake vilevile.

Tulikula jioni sana, uma ulipoingia ndani ya nyama bila nguvu. Tuliiacha ipumzike dakika 20, tukaikata, tukaila na bukari na lenga-lenga. Katika Mezali 15:17 tunafundishwa kwamba majani penye upendo yapita ng'ombe aliyenona penye chuki. Siku ya Noeli nilikuwa na ng'ombe na chuki pamoja, na nyama yenyewe haikulika.

Sitawadanganya: kijana wetu angali anachimba. Lakini sasa anakuja kila Jumamosi, na juzi aliuliza yeye mwenyewe bei ya masomo. Nilijibu bei tu, sikuongeza neno.

Ninyi wazazi wenye watoto ku mashimo, jaribuni hii nyama. Mufunike vizuri, muweke moto mdogo, na musifungue mlango kila dakika.