Jani Chungu na Wembe

Huku kwetu Fizi, mtu akigeuka macho kuwa ya manjano na mkojo wake ukawa kama chai nzito, watu hawaulizi mengi. Husema ini limeharibika, na mara majani ya mubirizi huchumwa, yakapondwa na kuchemshwa. Nami katika kazi ya ukatekista, nikizunguka vijijini hata Baraka, nimeona vikombe vingi vya dawa hiyo kando ya vitanda vya wagonjwa.

Siidharau. Mwaka 1987, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, katika milima ya Mahale, mtaalamu Michael Huffman na Mtongwe mmoja, Mohamedi Seifu Kalunde, walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya chipukizi za mti huohuo na kufyonza maji yake machungu. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Watongwe nao huutumia kwa maradhi ya tumbo. Tena Yoshua bin Sira, sura ya 38, atufundisha kwamba dawa zatoka ardhini kwa mapenzi ya Mungu; na papo hapo ataka tabibu apewe nafasi yake.

Lakini dawa ya tumbo si lazima iwe dawa ya ini. Umanjano ni kama moshi: hausemi ni nini kinachoungua. Iko homa ya ini aina ya A, iletwayo na maji au chakula kichafu. Hiyo kwa wengi huisha yenyewe baada ya majuma kadhaa, mgonjwa anywe majani au asinywe. Basi jani hupata sifa isiyo yake. Aina ya B ni nyingine. Hupita katika damu, katika tendo la ndoa, na toka kwa mama hata mtoto anapozaliwa. Yaweza kukaa kimya miaka mingi, mwisho ini likawa gumu au likapata kansa.

Hapo ndipo penye hatari. Waganga wengine hawaishii kwenye majani. Humchanja mgonjwa ubavuni, kisha kwa wembe uleule huwachanja watu wa nyumba yake, eti kuwakinga. Wembe huo waweza kuwagawia maradhi yaleyale wanayoyakimbia.

Mama mmoja aliniuliza, “Mwalimu, nikikataa kuchanjwa, si watasema simpendi mume wangu?”

Nikamjibu, “Mama, mpeleke hospitali damu yake ipimwe, nawe upimwe. Huo ndio upendo.”

Ndugu wasomaji, kinga ya kweli ipo. Katika Kongo watoto huchanjwa dhidi ya aina ya B wakiwa na majuma 6, 10 na 14. Mzazi asikose siku hizo. Anywaye mubirizi amwambie daktari, maana miti mingine hulidhuru ini lililokwisha kuchoka. Na wembe uliomgusa mtu mmoja usimguse mwingine kamwe, hata akiushika mzee tunayemheshimu.