Neno Jiliwa

Jiliwa ni chombo cha fundi chenye taya mbili: moja imesimama, na ya pili husogezwa kwa parafujo. Kazi yake ni kuubana ubao au chuma kisitikisike kinapokatwa au kupigwa tupa. Wanafunzi wa Kenya hujifunza jina hili tangu shule za msingi, pamoja na majina mengine ya vitu vya karakana. Lakini ukiingia katika karakana za Gikomba, jijini Nairobi, jina utakalolisikia ni vaisi. Basi mwanafunzi ana neno pasipo chombo, naye fundi ana chombo pasipo neno hilo.

Pengine mtu atauliza: je, kibano au koleo hayatoshi? Kweli, kitenzi bana kina uzao mkubwa: kibano, banio, mbano, hata banika, maana samaki hubanwa katika kijiti kilichopasuliwa na kusimikwa kando ya moto. Lakini koleo la mhunzi hushika kadiri mkono unavyolikamata. Mkono ukilegea, chuma huanguka. Jiliwa hukazwa mara moja, likaendelea kushika, na mikono yote miwili ikawa huru kwa msumeno au tupa. Kwa hiyo fundi aliye peke yake hahitaji mtu wa kumshikia. Tofauti hiyo ndiyo maana ya neno.

Vaisi silichukii. Parafujo yenyewe ilitujia kutoka kwa Wareno, na leo hapana aiulizaye kwao. Koleo nalo, mbali na kuwa chombo cha mhunzi, limekuwa pia jina la chombo cha kuchotea mchanga. Watu wa kazi ndio waliolifikisha huko. Nisilolikubali ni kumtahini mtoto neno ambalo kitu chake hajapata kukiona. Wanafunzi wangu wa chuo huieleza jiliwa kwa ufasaha wa kamusi. Nikiwauliza mpini wake huzungushwa upande gani ili kukaza, hunyamaza.

Na tuwapeleke kwa mafundi. Wasiende kuwasahihisha, waende kushika mpini. Fundi akilipenda neno, atalitumia. Asipolipenda, mwanafunzi atarudi akijua hasa jiliwa hufanya nini.