Chumba Huanza Kwenye Boriti

Muhula wa kwanza wa masomo ya usanifu majengo, kanuni ziliandikwa ubaoni moja chini ya nyingine: uwiano, ulinganifu, mdundo, ngazi za umuhimu, umoja. Juu ya zote alikaa Vitruvius, Mrumi aliyeandika miaka 2000 hivi iliyopita kwamba jengo sharti liwe na uimara, manufaa na uzuri. Nilizikariri, nikazijibia mitihani. Nilizielewa kama taratibu za kupanga sura ya jengo, kile anachokiona mtu akisimama ng'ambo ya barabara. Leo sizielewi hivyo tena, na kilichonigeuza ni nyumba za mawe za Lamu, tulikopelekwa kujifunza kupima.

Kupima nyumba kongwe ni kazi ya subira. Mmoja anashika ncha ya futi kamba, mwingine anasoma, wa tatu anaandika. Upana wa vyumba ukawa unajirudia: mita mbili na nusu na ushei, mara chache kukaribia tatu. Urefu wa chumba ungeweza kuwa mara tatu ya hapo, lakini upana haukukubali kuongezeka. Nilidhani ni desturi tu, mpaka fundi mmoja mzee, aliyekuwa akikarabati dari ya nyumba ya jirani, aliponiambia, "Mwanangu, tazama juu."

Juu kulikuwa na boriti. Miti ya mikoko ikishakatwa hupangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo inayolazwa kutoka ukuta hadi ukuta kubeba dari, na dari ya Lamu ni nzito, kwa kuwa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukiipa boriti nafasi ndefu mno, itapinda. Basi mti uliosimama kwenye maji ya chumvi ndio uliokata shauri la upana wa chumba cha watu kulala, kula na kuzaliwa. Mti huohuo ulipakiwa majahazini kutoka Lamu na kutoka delta ya Rufiji, ukauzwa Oman, Bahrain na Kuwait, na huko nako nyumba za zamani zina vyumba vyembamba, kwa sababu ileile.

Darasani tulikuwa tumesoma jinsi Le Corbusier alivyobuni katika miaka ya 1940 mfumo wa vipimo aliouita Modulor, uliojengwa juu ya kimo cha mtu wa mita 1.83. Naheshimu kazi ile. Ila chini ya zile boriti niliona uwiano ukitoka mahali pengine: kwenye uwezo wa kitu cha kujengea, na kwenye mikono ya watu waliokijua. Uimara, manufaa na uzuri havikuwa mambo matatu ya kupatanishwa. Boriti ilivibeba vyote kwa pamoja.

Somo la pili lilichukua muda zaidi kuniingia, na ndilo ninaloliishi zaidi. Ukitoka njiani Lamu unapanda kwenye daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba huweza kuzungumza na mtu bila kumkaribisha ndani. Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi wa kuingilia, na hapo unalazimika kugeuka, maana mlango wa pili haukutazamana na wa kwanza. Nilimuuliza bibi aliyeturuhusu kupima kwake kwa nini milango imepishanishwa. Akaniangalia kwa mshangao. "Kwani kila apitaye atuone?" Baada ya hapo ni kiwanda, ua ulio wazi juu unaoleta mwanga na hewa. Kisha msana wa tini, yaani chumba cha chini, msana wa yuu, yaani cha juu, halafu chumba kiitwacho ndani. Sakafu inapanda kidogo kila unapovuka, na mwanga unapungua. Na huko mwisho, penye mwanga hafifu kabisa, ndiko kwenye ukuta wa zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, kushoto na kulia vikilingana, vilimowekwa sahani na bakuli za kauri. Ukuta wa njiani hauna pambo lolote isipokuwa mlango.

Kwa hiyo ngazi za umuhimu, kanuni niliyozoea kuiona katika ukubwa wa nguzo za mbele ya jengo la serikali, hapa ilikuwa inatembewa kwa miguu. Uzuri uliongezeka kadiri mtu alivyokuwa wa karibu na familia. Baadaye nilisoma kitabu cha Usam Ghaidan kuhusu Lamu, kilichotoka mwaka 1975, nikakuta mfuatano huo umechorwa na kila chumba kimepewa jina lake. Nilifurahi, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaujua.

Niliporudi Dar es Salaam niliitazama upya nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita ambamo wengi wetu tumekulia. Baraza mbele, ukumbi katikati ukigawa vyumba vitatu kila upande, uani nyuma penye jiko, choo na kamba ya nguo. Hakuna aliyewahi kunitajia nyumba hiyo darasani kama mfano wa usanifu. Lakini umo mfuatano kamili: barabara, mgeni, jamaa, kina mama. Na mlango wa mbele ukifunguliwa pamoja na wa uani, upepo unapita katikati ya nyumba nzima.

Leo mteja akija kwangu na picha kwenye simu, ya ukuta wa kioo na paa lililofichwa, tunaiweka kando kwanza, kwa upole. Namuuliza mgeni ambaye si wa ndani atakaa wapi. Namuuliza mama mkwe akija kukaa mwezi, atapita wapi usiku kwenda chooni. Kisha tunakwenda kiwanjani. Hapa Dar, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la saa sita mchana huwa upande wa kusini, miezi mingine huwa kaskazini, na pande hizo mbili upenu wa paa unatosha kulikinga. Jua la saa kumi linaloingia dirisha la magharibi halizuiwi na upenu wowote. Basi kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ambako pia pepo za kaskazi na kusi zitazifikia. Na kuhusu madirisha ya alumini ya kusukuma sirudi nyuma: hata ukiyafungua yote, nusu ya tundu imezibwa, na mwenye nyumba amelipia dirisha zima.

Zege na nondo zimetuondolea ukomo wa boriti. Naweza kuchora sebule ya mita saba bila nguzo, na wateja wengi wanaitaka. Mimi huwachorea chumba kinachopitisha upepo toka dirisha hadi dirisha, na baraza la kutosha mkeka na watu wanne, hata kama sebule itapungua mita moja. Wengine hukataa, wakaenda kwa mchoraji mwingine. Waliokubali, nikiwatembelea jioni, wengi nawakuta barazani.