Nimehamia Msituni, Bibi Anasubiri Nguzo

Jamani nipo. Sijafa wala sijaoa. Wanaouliza nimepotelea wapi, jibu ni kwamba chumba changu cha Sinza nimemrudishia mwenye nyumba, godoro nimelifunga kamba, nikapanda basi la Tanga, nikashuka Muheza na kupandisha milima mpaka Amani. Sasa ninakaa kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe (haya, mimi na fundi, na nusu ya kitongoji) ukingoni mwa msitu. Hakuna nguzo ya umeme, hakuna bomba, na simu inashika mtandao ukipanda kilima kwa dakika kumi na tano.

Usiku wa kwanza sikulala. Mara saa nane hivi nikasikia kelele juu ya mti, kama mlango wenye bawaba mbovu unaofunguliwa na mtu anayenyongwa. Nikashika panga. Asubuhi nilipomsimulia bibi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni perere, kamnyama kadogo tu, ukikaona mchana utadhani ni sungura aliyekatwa masikio. "Mume wangu," bibi akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "umesoma chuo kikuu miaka mitatu hukufundishwa perere?"

Huyo bibi ndiye sababu ya yote haya, msinidhanie mengine. Najua kuna rafiki zangu wanaodhani nimeiga wale wazungu wa kwenye video wanaojenga vibanda msituni wakinywa kahawa huku mbwa kalala mlangoni. Mwaka 2025 nilikuwa mmoja wa waandishi walioandika kwa furaha kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Habari ikatoka ukurasa wa tatu, nikampigia bibi kwa simu ya jirani, nikamsomea. Mwezi wa nne mwaka huohuo, usiku, bibi alitoka kwenda chooni na koroboi mkononi, upepo ukaizima, akateleza na kuvunjika mkono. Alilala pale chini mpaka jirani alipopita alfajiri kwenda kuchuma iliki. Mimi nikapata taarifa siku ya pili.

Kijiji chetu kimefikiwa, ni kweli kabisa, sikuandika uongo. Nguzo zimefika ofisi ya kijiji, shule na maduka mawili. Kitongoji cha bibi kiko ng'ambo ya bonde. Hilo sikuliandika kwa sababu sikuuliza.

Nilimwomba aje Dar es Salaam. Akaniuliza atakuja kufanya nini, kukaa juu ya godoro akitazama ukuta? Basi nikaomba ofisini wanifanye mwandishi wa mkoani, yaani yule anayelipwa kwa kila habari inayotoka (na malipo yakija yanakuja kwa mwendo wa kinyonga), nikaenda kujenga kwenye kipande cha marehemu babu.

Hapo ndipo nilipoanza kuonyesha elimu yangu. Nilichagua mahali pazuri sana, hatua kama ishirini kutoka kwenye kijito, nikapiga mambo na kufunga kamba. Mzee mmoja jirani akapita, akasimama, akaniuliza kama ninajenga nyumba au ninatega samaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mimi niliwahi kuiandika sheria hiyo gazetini nikiwasema watu wa mabondeni! Vijito vya huku vinaingia Mto Zigi, Zigi inaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo inayonywesha jiji la Tanga. Choo changu kingekuwa salamu zangu kwa wakazi wa Tanga. Nikang'oa mambo, nikapanda juu.

Msitu wenyewe hatukuugusa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997 na mpaka wake unaonekana wazi, na ukikamatwa na mti wa humo hakuna atakayekuelewa. Nguzo nilinunua kwa mkulima mwenye shamba la mikaratusi. Fundi akazichoma ncha za chini mpaka zikawa nyeusi, akazipaka oili chafu ya gari, kwa ajili ya mchwa. Mimi nilitaka tuweke saruji chini, akasema saruji inashika maji na nguzo itaoza ndani kama jino. Tukaweka mawe. Nyumba ni ya mita saba kwa tano, vyumba viwili na sebule, fito zimefungwa pande zote, paa la bati thelathini. Siku ya kukandika watu walikuja kwa msaragambo, wanawake wakichota maji na wanaume wakikanyaga udongo. Nilichinja mbuzi mmoja. Ukuta wa kwanza niliokandika mimi ulidondoka wote kabla ya chakula cha mchana, na mtoto wa darasa la tano akaurudia.

Maji ndiyo raha yangu kubwa. Amani inapata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, Dar haifikii hata theluthi mbili za hiyo. Nimefunga gata upande mmoja wa paa, mita za mraba 25. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo kila milimita inaniletea lita 25, na mvua ya milimita 40 inajaza tangi langu la lita 1,000. Huku hiyo inaweza kuwa mvua ya usiku mmoja. Sinza nilikuwa nanunua ndoo.

Umeme wa jua, hapo tuongee kwa sauti ya chini. Nina paneli ya wati 100, betri ya ampea 100, kontrola, na inveta ndogo. Dukani nilipigiwa hesabu tamu. Ila muuzaji yuko kwenye joto la pwani, mimi niko kwenye ukungu. Mwezi wa kwanza na wa pili mambo yalikwenda vizuri, kompyuta saa tatu kwa siku, taa nne, simu. Masika yakaingia. Siku tatu mfululizo sikuliona jua hata kwa bahati mbaya. Betri ya aina hii ukiitumia zaidi ya nusu unaiua taratibu, hilo nilijifunza baada ya kuwa nimeshaiua kidogo. Siku ya nne nina habari ya bei ya iliki, mhariri anaitaka saa kumi na moja jioni, na kwenye aya ya mwisho kompyuta ikazima. Nikanakili niliyoyakumbuka kwenye karatasi, nikapanda kilima mvuani, nikamsomea mhariri kwa simu neno kwa neno, na simu yenyewe ikakata kwenye jina la mkulima. Habari haikutoka. Niliporudi nimelowa, nilikuta redio ya bibi ya betri za mawe inaongea vizuri tu, akisikiliza taarifa ya habari.

Siku niliyohamia rasmi, bibi ndiye aliyeingia wa kwanza na jiwe moja la mafiga. Akakagua. Akagonga ukuta, akasukuma mlango, akaisifia sakafu. Kisha akatazama taa juu ya dari akauliza, hii ni ile ya waya? Nikamwambia hapana, ni ya jua, ni bora zaidi, haina bili, haikatiki ovyo, huko mjini watu wenye pesa zao ndiyo wanaitafuta. Nilizungumza kama dakika tano. Akanisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mganga mkuu wa wilaya. Halafu akasema: "Wao wanauacha kwa sababu wanao."

Nilimfungia na yeye taa moja, na nyingine nje njia ya kwenda chooni. Anaitumia, na ananiombea dua. Lakini kila mgeni anayetoka ng'ambo ya bonde humuuliza kama wale watu wa nguzo wameonekana. Mimi nimechagua kukaa bila umeme wa waya, na nikichoka Muheza ipo. Yeye ana miaka zaidi ya sabini na hakuna aliyewahi kumuuliza anachagua nini.

Wiki iliyopita walionekana. Vijana watatu wenye kamba ya kupimia na mambo yaliyopakwa rangi nyekundu. Bibi aliwafuata nyuma na mkongojo wake akihesabu, nguzo saba kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake. Ada ya kuunganishwa kijijini ni sh. 27,000, na kwa nyumba ndogo kama yake kuna kile kifaa wanachokiita UMETA, umeme tayari, ambacho hakihitaji kupasua kuta kupitisha waya. Nikamwambia asijali, hiyo fedha nitatoa mimi malipo yangu yakiingia.

Jioni nikamjazia fomu chini ya taa yangu ya jua, ambayo ilikuwa imeanza kufifia. Akaweka dole gumba. Akaniuliza, na wewe mume wangu, yako iko wapi? Nikasema bado nafikiria. Hakunijibu. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti mbili za elfu kumi, moja ya elfu tano na moja ya elfu mbili, zimekunjwa mpaka zimekuwa laini kama kitambaa. Alizifunga hapo, akasema, tangu siku ile niliyomsomea gazeti kwenye simu.