Panga na Mgomba

Huku Buhinyuza, upande wa Muyinga, migomba huizunguka rugo, yaani boma la nyumba, nayo hulishwa samadi ya ng'ombe. Humo twapata chakula, pombe ya urwarwa, na majani ya kufunikia shimo la kuivishia ndizi. Mnyauko wa migomba ulipothibitishwa Burundi mwaka 2010, ilitupasa kujifunza upya kazi ya mababu. Wadudu huubeba ugonjwa ua hadi ua. Panga hulibeba lenyewe shina hadi shina! Basi ua dume twalivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa chuma. Shina lililougua hukatwa usawa wa ardhi, na panga hupitishwa motoni kabla ya kugusa jingine. Wazee hunung'unika kwamba moto huharibu makali. Ni kweli, huyaharibu. Nasi twanoa tena.