Kitabu cha Mwongozo na Mtihani wa Usimamizi wa Miradi



Hapa Muscat, matangazo mengi ya kazi za ujenzi na za mafuta huomba cheti cha PMP, kitolewacho na taasisi ya Kimarekani ya PMI, iliyoundwa mwaka 1969. Sisi wanne, tuliozeekea kwenye viwanja vya ujenzi, tuliwaona vijana wenye cheti hicho wakipandishwa cheo nasi tukibaki tulipo. Ndipo tukanunua kitabu cha mwongozo, tukawa tunakutana kila Alhamisi baada ya sala ya Isha, kwa kahawa na halua.

Tulichokibaini upesi ni kwamba kitabu hakimwulizi mtu anajua nini, bali angefanya nini kwanza. Mwenye mradi amekuja, anasema, "Niongezeeni chumba kimoja." Sisi tumelelewa kwamba mkubwa haambiwi hapana, kazini tungejibu, "Inshallah, bwana." Kitabu chataka meneja asikubali wala asikatae, ila apime kwanza chumba hicho kitaongeza siku ngapi na gharama gani, kisha ombi la mabadiliko liandikwe na lipitishwe na wenye mamlaka. Mwenzetu mmoja, fundi wa zege wa miaka ishirini, alibishana na kitabu usiku kucha. Hatimaye tuliafikiana kwamba chumbani mwa mtihani ajibu kama meneja wa kitabuni, na kazini afanye ajuavyo. (Twasikia siku hizi naye hudai maandishi.)

Lugha nayo ilitupa kazi. Neno letu "hatari" ni baya daima, lakini kitabuni lina pande mbili: ni jambo lisilo na hakika, ambalo likitokea laweza kuichelewesha kazi au kuiharakisha. Tukaandika pembeni, "hatari au bahati", na maswali yakafunguka. Hesabu ndizo zilizotuburudisha. Umetumia riali 5,000, na kazi iliyokamilika ina thamani ya riali 4,000. Ukigawa wapata 0.8, yaani kila riali imezaa kazi ya baisa 800 tu. Hata watoto waliokuwa wakitusikiliza walielewa papo hapo.

Tulipoufanya mtihani mwaka 2023 ulikuwa na maswali 180 kwa dakika 230. Kwa hiyo wiki za mwisho tulijizoeza kwa saa ya ukutani, maswali 60 kwa mkao mmoja, na muda mrefu zaidi tukautumia kusoma maelezo ya kila jibu.

Watatu tumefaulu, alhamdulillah. Wa nne atarudia, kwani kanuni zaruhusu majaribio matatu ndani ya mwaka mmoja, na kikao cha Alhamisi chaendelea kwa ajili yake. Anayetaka kujiunga anakaribishwa. Ila akinunua kitabu sokoni atazame kwanza mwaka wa toleo, maana muhtasari wa mtihani hubadilishwa, na vilivyopitwa na wakati huuzwa kwa bei ya kuvutia.