Uyole: Lumbesa inayoua lami

Ukishuka Uyole alfajiri, wa kwanza kukupokea ni baridi. Wa pili ni ngurumo za semi-trela. Hapa ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inapoachana na ile ya Tukuyu na Kyela inayokwenda Malawi. Ndizi za Rungwe, mafuta ya Zambia, shaba ya Kongo, vyote vinapita njia panda hii. Abiria wanapiga miayo, wanagombea chai. Nani atazame chini?

Kijiweni utamsikia mtu akibisha: "Lami hii bado mpya bwana, ya juzi tu!" Kumbe lami haihesabiwi miaka kama mimi na wewe. Inahesabiwa mizigo.

Iko hivi. Mainjinia huisanifu barabara ibebe idadi fulani ya ekseli za kipimo, kila moja tani 8.2 hivi. Majaribio ya Illinois, Marekani, ya mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kasheshe yenyewe: uzito ukizidi kidogo, madhara yanazidi mno. Ekseli ya tani 12 inaumiza lami karibu mara mbili ya ekseli ya tani 10. Tani mbili tu, msomaji wangu!

Mkulima wa viazi wa Uyole anaijua hesabu hii. Gunia likivishwa kilemba, likawa lumbesa, bei inabaki ya gunia moja na anayeumia ni yeye. Lori nalo likipiga lumbesa, inayoumia ni barabara.

Sasa utajuaje lami imebakiza maisha kiasi gani? Kwanza wanahesabu malori yaliyopita na kuyapima, kisha wanatoa kwenye ile idadi ya mwanzo. Halafu wanaipima kama mgonjwa. Lori lenye mzigo linasimamishwa, fimbo ndefu ya chuma inapenyezwa katikati ya matairi pacha ya nyuma. Lori likiondoka, lami inainuka kidogo sana, nayo fimbo inasoma. Ikiinuka kupita kiasi, chini kumechoka.

Wanapima pia mifereji inayochimbwa na matairi, hasa milimani ambako malori hujikongoja. Ugonjwa ukiwa juu tu, lami inakwanguliwa na kutandikwa nyingine. Ukiwa umeshuka chini, ni kufukua yote, na hapo fedha inakwenda kweli kweli.

Usidhani ni mambo ya wataalamu peke yao. Mvua ikinyesha, mifereji ile inajaa maji. Dereva wa Coaster anaikwepa kwa kuhamia upande wa wenzake, na ndani umekaa wewe.

Mbeya imepangiwa njia nne, Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Safi sana. Lakini hata zikiwa nane, mizani ikifumba jicho moja zitazeeka zikiwa bado mbichi.

Ukipita Uyole, tazama chini. Na sweta usisahau!